Aliyepiga hodi akiwa ndani: nimerudi Old Moshi na hii stori

Tangu nirudi Moshi watu wananiuliza maswali yale yale, baridi ya Ujerumani ikoje, chakula chao unakilaje, umerudi mazima ama unaenda tena. Nimerudi mazima jamani. Nilienda kusomea udongo, huu huu wa volkano wa kwetu unaobeba migomba na kahawa, uzamivu nimemaliza na nimeshuka uwanja wa ndege wa KIA na mabegi yote. Ila kuna jambo lilinikuta kule chuoni sikuwahi kumwambia mtu yeyote, nilikua nalo tu kifuani, na juzi tumekaa jikoni na mama tunamenya ndizi za mtori akanisimulia kitu nikaweka kisu chini. Ndo maana naandika.

Jina la chuo naliacha. Ni kikongwe, kinajulikana dunia nzima, ukipanda ngazi unapishana na picha za maprofesa waliopata Nobel, na karibu kila jengo lina stori yake ya usiku. Vyuo vya aina ile ndivyo vilivyo. Oktoba moja nilivuka kwenda Uingereza kumtembelea rafiki yangu wa Kibosho aliyekua anasoma Oxford, akanizungusha usiku kwenye vichochoro vya mawe ananionyesha mizimu yao, na mizimu yao ina majina na tarehe kabisa. Kuna Askofu Mkuu William Laud, alikatwa kichwa London Januari 1645, wanasema huonekana kwenye maktaba ya St John's akikiviringisha kichwa chake sakafuni. Kuna Kanali Francis Windebank, huyo alipigwa risasi mwaka huo huo wa 1645 kwa kosa la kusalimisha ngome bila kupigana, wanasema anatembea pale Merton ila anaonekana kuanzia magotini kwenda juu tu, kwa sababu ardhi imeinuka tangu enzi zake na yeye bado anakanyaga ile ya zamani. Rafiki yangu anacheka, mimi nikabaki na la Laud. Kwa sababu mwaka 1663 chuo chake kilimfuata London alikozikwa, wakamrudisha, wakamzika ndani ya kanisa lao. Mtu kakatwa kichwa na serikali lakini watu wake hawakumwacha huko.

Niliporudi Ujerumani maabara yetu ikaanza kukarabatiwa, tukahamishiwa jengo la zamani ambalo miaka hiyo lilikua la anatomia. Mimi nikapewa chumba kule chini kabisa, chini ya ardhi, kwa sababu mizigo yangu ilikua mizito. Nilikua na mifuko ya udongo kutoka vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya ukoo, vya Old Moshi, ukiwemo wa kihamba chetu wenyewe, ilisafiri na vibali vyake vyote nikaipanga kwenye rafu. Kazi yenyewe ni ya mikono, unaanika, unapondaponda taratibu, unachekecha kwenye chekeche la milimita 2, vijiwe na vimizizi vinabaki juu na kinachopita ndo unapima. Ukiudondoshea maji kidogo ule udongo unatoa harufu yake, ile ya kihamba mvua za Machi zikianza, nikifumba macho nilikua naona kabisa mfongo, ule mfereji wa maji, unapita nyuma ya jiko la bibi.

Kile chumba kilikua kwenye korido ndefu, na mwisho wa korido mlango wa chuma, muda wote umefungwa. Taa za korido zilikua zile zinazojiwasha zikihisi mtu anapita, usipotikisika zinajizima. Desemba kule saa kumi jioni giza limeshaingia, na mimi nilikua nafanya kazi mlango wazi maana sipendi kufungiwa chini ya ardhi.

Mara ya kwanza ilikua taa tu. Ile ya mwisho kabisa, ya pale kwenye mlango wa chuma, ikawaka. Nikajua ni mlinzi, nikainua kichwa nimsalimie, hakuna mtu. Ikawaka inayofuata, ya kuja huku. Ikawaka nyingine. Hakuna kiatu kinachosikika, hakuna kivuli, ni taa tu zinakuja kwangu moja moja kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, mpaka ikawaka ya mlangoni kwangu, ikakaa. Mimi nimeshika chekeche mkononi, sipumui. Halafu zikazima zote kwa mpigo.

Fundi wa umeme alikuja kesho yake akakagua, akasema kila kitu kiko sawa. Mtunza jengo, mzee mmoja wa pale pale, yeye hakusema kitu, ila niliona siku ile kwamba akipita ile korido anatembea upande mmoja tu, ubavuni kabisa mwa ukuta, na hageuki.

Wiki ya Krismasi wenzangu wote wakaenda makwao. Nauli ya kuja Moshi Desemba mnaijua, nikabaki. Usiku huo nilikua nachekecha udongo wa kihamba chetu, mfuko wa mwisho, ilikua saa mbili usiku kwa saa za kule. Taa ya mwisho ikawaka. Safari hii haikufuata nyingine. Ikawaka ile moja tu, ikatulia, na nyuma ya mlango wa chuma nikasikia mtu anakohoa. Kile kikohozi cha mzee anayesimama kwenye uzio wa mimea ya masale kabla hajaingia uani kwa watu, ili wa ndani wajue kuna mgeni. Baada ya kikohozi ikaja hodi, na ilikua ile ya wazee wa kwetu, ya Kichagga, sauti kavu, ya heshima.

Waliolelewa na bibi wa Old Moshi watanielewa nilivyoganda. Bibi alitulea na sheria moja ya usiku, ukiitwa usiitike mpaka anayeita arudie mara tatu, maana kisichokua mtu hakifiki ya tatu. Nikasubiri. Ikaja ya pili. Kimya kikawa kirefu sana, nasikia mabomba ya maji ya moto ukutani na nasikia moyo wangu, nikaanza kujiambia imeisha, haiji, chukua koti utoke. Ikaja ya tatu, na hii ya tatu ilikua chini, kama mtu aliyechoka ameinamisha kichwa kwenye mlango.

Hodi tunapiga tukiwa nje tunataka kuingia. Huyu alikua ndani.

Nikaitika. Nikasema karibu meku, yaani mzee, kwa Kichagga, sauti yangu mwenyewe siitambui. Kitasa kikapigwa kutokea ndani, mara moja, kwa nguvu, mpaka vumbi likadondoka kwenye fremu ya mlango. Na korido yote ikanuka moshi wa kuni. Jengo lile halina hata kiberiti. Nilitoka bila koti, nikakimbia kwenye theluji mpaka bwenini, asubuhi nikampigia mama nimsikie sauti tu, akaniuliza mbona unatetemeka nikamwambia baridi.

Januari yule mtunza jengo akaja na funguo, anatafuta ngazi ya kubadilishia balbu. Akafungua mlango wa chuma. Ndani ni stoo, rafu mpaka juu, maboksi. Ngazi ilikua imeegemezwa kwenye rafu ya pembeni, na alipoitoa boksi moja likabaki wazi mbele yangu, lebo imefifia, mwandiko wa kizamani: Moschi. Hivyo ndivyo Wajerumani walivyokua wanaandika. Nikamwomba tulifungue. Alisita sana ila akafungua.

Lilikua fuvu la mtu. Kwenye paji la uso limeandikwa kwa wino mweusi, mwandiko mzuri wa mtu aliyekaa mezani ametulia, Moschi, na namba. Meno ya chini mawili ya mbele hayapo, na mzee yeyote wa kwetu anajua watu wa enzi zile walikua wanang'olewa yale meno. Mtunza jengo akasema kwa upole kabisa, haya ni ya zamani, hayana mwenyewe. Nikamwambia wenyewe wapo, mimi hapa ni mmoja wao. Nikaenda chumbani nikachota udongo wa kihamba kiganjani, nikauweka ndani ya boksi pembeni ya fuvu, na yule mzee aligeuka akatazama ukuta mpaka nilipomaliza. Nilimwambia huyu tuliyemkuta, kwa Kichagga, nani mimi, mtoto wa nani, na kwetu ni wapi. Taa za korido hazikuwahi kusumbua tena mpaka naondoka. Barua niliandika, wakajibu kwa adabu, wakasema asili yake inachunguzwa.

Kwa wasiojua kwa nini fuvu la Moshi liko Ujerumani. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892, kamanda wao von Bülow akafia hapa, wakarudi 1893 na jeshi kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine, jumla watu 19, pale Tsuduni, na ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Haikua kwake tu. Enzi zile kule Berlin kulikua na profesa Felix von Luschan anakusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni, maofisa na madaktari wa jeshi wakawa wanamtumia. Mkusanyiko ule ulikaa miaka kwenye hospitali ya chuo kikuu, na mwaka 2011 ukahamia kwenye taasisi ya makumbusho za Berlin, mafuvu zaidi ya 1,100 humo yametoka Afrika Mashariki. Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya DNA vimeyakutanisha mafuvu 3 na ndugu walio hai huku Tanzania, moja likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alienda Songea akaomba msamaha. Mimi habari zile nilizisomea kule kule na nililia, kwa sababu nilijua kuna maboksi mengine kwenye stoo za vyuo vingine, na moja nimeligusa.

Sasa la mama. Tunamenya ndizi, akasema bibi yako alivyokua anaumwa mwisho mwisho kuna usiku alituamsha nyumba nzima. Bibi alikua hawezi hata kukaa mwenyewe kitandani, usiku huo wakamkuta amesimama mlangoni anahangaika na komeo. Mama akamuuliza unaenda wapi, akasema kuna mtu anapiga hodi mmemwacha. Baba mdogo akachukua tochi akazunguka uani mpaka kwenye migomba, hakuna mtu, mbwa wamelala. Wakamwambia bibi hakuna mtu nje. Bibi akawaangalia akasema, nani kawaambia yuko nje, yuko ndani, kafungiwa, na mtoto ameshamwitikia.

Mama anasema alijua ni homa. Akanyamaza asinitishe niko peke yangu ugenini, na wiki chache mbele bibi akafariki. Nikamuuliza mama ilikua usiku gani. Akasema ule wa kuamkia siku waliyofika akina shangazi kutoka Dar kwa Krismasi, mbona asubuhi yake ndo ulinipigia unatetemeka. Nikamuuliza saa ngapi. Akasema saa nne, saa nne na kitu. Kule saa mbili ni huku saa nne.

Nilimsimulia mama yote pale pale, mtori ukaungua. Hakubisha hata neno moja. Alinawa mikono akavaa kanga nyingine, akasema twende kwa baba mdogo.

Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo walikaa, wakaniita, nikasimulia tena toka mwanzo. Nilidhani wataniuliza kuhusu taa na moshi. Waliuliza mambo mengine kabisa: fuvu lilikua limelala limeangalia upande gani, udongo nilioweka niliuchota sehemu gani ya kihamba, na namba ya boksi kama nimeiandika. Nimeiandika. Mzee mkubwa kuliko wote akasema babu yake alikua na kaka aliyechukuliwa na askari wa Wajerumani, jina analijua, kaburi halipo, na kila pombe ya mbege ikipikwa walikua wanamwaga ya kwake chini bila kujua wanamwagia wapi. Akasema hatusemi ndiye, tukimwita kwa jina la mwingine tutamkosea mara ya pili. Atapimwa mate, na wanaukoo wengine wawili watapimwa, na mimi nimepewa kazi ya kuandika barua upya, safari hii yenye majina ya wazee chini yake.

Kwa hiyo naomba. Kama kwenu, iwe Old Moshi, Uru, Kibosho, Machame, Marangu au Meru kule, kuna mtu wa ukoo alichukuliwa au kunyongwa enzi za Wajerumani na hana kaburi, muulizeni mzee aliyebaki wiki hii hii wakati bado anakumbuka. Jina lake, la baba yake, alitokea kihamba gani, na nani wa uzao wake yupo. Mniandikie. Namba ya boksi ninayo, na Kijerumani nasoma.