Saa tatu ya karani

Jana mpwa wangu aliniuliza, kompyuta mapajani, tumeketi barazani: "Mjomba, mbona nimeituma fomu saa tatu, nayo programu imeandika 06:00?" Nikamwambia aongeze %z, alama ya kuonyesha saa ni ya ukanda upi, kwenye muundo wa tarehe. Kisha nikanyamaza. Nilimkumbuka karani wa tiketi za boti pale jeti ya Mokowe, Lamu.

Programu ya tiketi aliyoitumia, niliyoitunza mimi, nilikuwa nimeshaiondolea amri ya print, kwa kuwa maneno ya print huishia kwenye skrini. Umeme ukikatika, yamekwenda. Nikatumia logging, zana ya lugha ya Python ya kuandika matukio kwenye faili. Kiwango cha kuandika nilikishusha hadi INFO, yaani taarifa za kawaida, maana usipokigusa huanzia WARNING, yaani maonyo, na tiketi zilizopita salama haziandikwi. Faili nililikabidhi RotatingFileHandler, anayefungua faili jipya la sasa likijaa: maxBytes, ukubwa wa mwisho, baiti milioni 5; backupCount, mafaili ya zamani ya kutunzwa, 5. Mojawapo ikiwa sifuri, faili halizungushwi, litakua hadi diski ijae. Na ndani ya kila except, pale programu inaponasa hitilafu, nikaweka logger.exception, hitilafu ije na njia yake yote.

Siku moja karani aliandika tiketi saba kwa mkono. Alisema programu ilikataa. Kwa mwenye boti, tiketi ya mkono ni pesa iliyoingia mfukoni mwa karani. "Hebu niangalilie," mwenye boti akaniambia. "Ilikwama kweli saa tatu?"

Nililifungua faili alasiri ile pale jeti, nimesimama kivulini, vijana wanapakia magunia. Nikashuka mpaka 09:00. 09:04, tiketi imehifadhiwa. 09:07, imehifadhiwa. 09:12, 09:15, zote INFO, hakuna ERROR, yaani hitilafu, hata moja. Karani alikuwa ng'ambo ya dirisha, kiganja juu ya daftari lake, ananitazama nikisoma. Nikasema, na waliokuwepo wakasikia: "Saa tatu programu ilikuwa nzima."

Hakubisha. Alilifunga daftari taratibu, akaliweka chini ya meza.

Usiku nikalipitia faili tangu juu. 06:12, ERROR, "database is locked", yaani hifadhidata imefungwa. Chini yake nyingine, na nyingine: saba, sawa na tiketi za daftarini. Seva ilifuata UTC, saa ya kipimo ya dunia, nyuma yetu kwa saa 3. 06:12 yake ndiyo saa tatu na dakika 12 yetu. Zile nilizozisoma jeti zilikuwa tiketi za saa sita mchana. Ripoti ya mwenye boti mwenyewe ndiyo iliyoishikilia SQLite, hifadhidata ya tiketi, ikiandika jumla zake. Python husubiri kufuli kwa sekunde 5 tu, kisha hutoa hitilafu.

Nilimpigia mwenye boti usiku ule ule. Ripoti nikaihamishia usiku, timeout, muda wa kusubiri kufuli, nikaipandisha hadi sekunde 30, tarehe ikawa %Y-%m-%dT%H:%M:%S%z, ili kila mstari useme wenyewe unafuata saa ya wapi.

Karani nilimwendea asubuhi. "Yamepita, mwanangu," akasema, akanisogezea kiti.

Mwezi uliofuata dirishani palikuwa na mtu mwingine. Nikaambiwa karani yule amepata kazi Malindi. Kama aliondoka kwa ajili ya neno langu la siku ile, hakuna aliyeniambia, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumuuliza.