Stoo yetu ya bati, Cedar Rapids

Watu watatu wameniuliza mwezi huu kuhusu lile banda la bati lililo nyuma ya nyumba yetu. Mmoja wao ameshanunua la kwake, maboksi yako gereji yanasubiri jua. Basi naandika hapa ninachokijua, hasa yale ambayo kijitabu cha maelekezo kinayataja kwa mstari mmoja tu, wakati ndiyo yanayoamua kama banda litasimama miaka kumi au litaanguka baada ya miwili.

Tunaishi Cedar Rapids, Iowa, na hapa huwezi kuzungumza habari za bati bila kuzungumza habari za upepo. Waliokuwepo tarehe 10 Agosti 2020 wanajua. Ilikuwa mchana, kama saa sita na nusu, ikatupiga dhoruba ambayo Wamarekani huiita derecho: upepo unaosukuma kwa kunyooka, hauzunguki kama kimbunga. Wataalamu wa hali ya hewa walikuja kukadiria kwamba katika sehemu fulani za mji wetu upepo ulifika maili 140 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 220. Tena haukupita mara moja ukaisha. Ulitupiga karibu dakika 45. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake, na umeme kwa wengine haukurudi kwa siku nyingi. Sisi wakati huo tulikuwa apatimenti. Mapaa yaling'oka, na familia nyingi za Wakongo na Waburundi zikalala nje kwenye mahema, watu ambao walidhani mahema waliyaacha kwenye kambi za wakimbizi.

Mimi katika yote niliyoyaona siku ile, yanayonirudia ni mabati. Mabanda ya watu yalikuwa yametawanyika mtaa mzima, mengine yamejiviringisha kwenye matawi yaliyobaki kama nguo iliyokamuliwa. Nilimwambia mke wangu pale pale: tukijaliwa nyumba, banda letu litafungwa ardhini.

Nyumba tuliipata mwaka 2022. Na sababu ya kutaka stoo haikuwa mashine ya kukata nyasi.

Jumuiya yetu ina vyombo vyake: viti 60 vya kukunja, meza nane, sufuria kubwa nne, majiko mawili ya gesi, sinia, turubai la kufunika uani. Kwa miaka mingi vyombo hivi havikuwa na kwao. Sufuria zilikuwa chini ya kitanda cha Mama Furaha. Viti vilikaa kwenye baraza ya kaka mmoja mpaka mwenye jengo alipomwandikia barua aviondoe. Mtu akifiwa saa nane za usiku, kabla hata ya kufika kumpa pole, tulikuwa tunapigiana simu kuulizana: sufuria ziko kwa nani safari hii? Jambo hilo liliniuma. Kwetu Fizi, Kongo, na hata kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, kila mtaa ulikuwa na nyumba inayojulikana kwamba vyombo vya shughuli viko pale, na usiku wa manane unakwenda kugonga bila aibu. Nilitaka nyumba yetu iwe hiyo.

Sasa, banda lenyewe. Nilinunua la futi 10 kwa 8, kama mita 3 kwa mita 2 na nusu kasoro kidogo. Bei ilikuwa zaidi ya dola 400 na nikafurahi. Nilipofungua maboksi nikakuta hakuna sakafu na hakuna nanga za kulifunga ardhini. Vitu hivyo viwili vilinigharimu dola 300 nyingine, kwa hiyo ukipiga hesabu ya banda, pigia hesabu yote.

Kabla ya kuchimba chochote, piga 811. Ni bure nchi nzima, na wanakuja kuchora juu ya nyasi mahali nyaya na mabomba yalipopita: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, rangi ya chungwa ni simu na intaneti, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji machafu. Kwangu mstari wa njano ulipita hatua mbili tu kutoka mahali nilipotaka kuzungushia nanga. Nilihamisha banda lote. Piga pia ofisi ya majengo ya mji wako uulize umbali unaotakiwa kutoka mpaka wa jirani, kwa sababu kila mji una sheria yake, na banda likishasimama si rahisi kulisogeza.

Halafu msingi. Hapa Iowa ardhi inaganda, na misingi ya nyumba inachimbwa mpaka inchi 42 ili ikae chini ya barafu. Banda dogo halihitaji hivyo, ila linahitaji lisikalie udongo unaoshika maji, maana maji yakiganda yanavimba na kuinua kona moja, na kona moja ikiinuka milango haifungi tena. Tulichimba nyasi zote, tukamwaga kokoto unene wa inchi 4, tukashindilia kwa mashine ya kuazima, tukapima kwa pima maji kila upande. Juu yake fremu ya mbao zenye dawa, juu ya fremu plaiwudi.

Hapo nilikosea, tafadhali usikosee nilipokosea. Boksi linasema futi 10 kwa 8, nami nikajenga sakafu ya futi 10 kwa 8 kamili. Kumbe namba ya kwenye boksi imekadiriwa tu. Banda lenyewe kwa chini ni dogo kwa inchi kadhaa, na kipimo cha kweli kimeandikwa ndani ya kijitabu. Sakafu yangu ikatokeza nje kama kibaraza, mvua ikitua pale inaingia chini ya ukuta. Ilinibidi kukata plaiwudi na mbao pande zote mbili wakati kuta zimeshasimama. Soma kipimo cha sakafu kwenye kijitabu kabla ya kununua hata ubao mmoja.

Siku ya kulisimamisha walikuja Baba Neema, ambaye alikuwa fundi wa paa Uvira, na shemeji yangu. Baba Neema alishika bati la kwanza kwa ncha mbili, likacheza kama karatasi, akalilaza chini taratibu. Nyumbani tukienda kununua bati tunauliza geji, 28 au 30, na mkono wake ulimwambia hili ni jembamba kuliko yote aliyowahi kuezekea. Akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo ninamwambia kila mtu: banda la namna hii halina nguvu kwenye bati. Nguvu yake inatoka kwenye mikunjo ya bati na kwenye kuungana, ukuta unashika ukuta, paa linashika kuta zote. Likiwa nusu, halina nguvu yoyote.

Nami nilikuwa nimeanza saa nane mchana. Skrubu ni mamia, na kila moja ina washa yake ya plastiki ya kuzuia maji, na kila kipande kina namba ambayo lazima uitafute. Tulipoteza saa nzima kwa sababu tuligeuza ukuta wa kulia na wa kushoto. Baba Neema alikuwa anasema «nipe turnevisi», shemeji aliyezaliwa Kigoma anampa spana, mpaka tukakubaliana kusema bisibisi. Jua likaanza kuzama kuta nne zimesimama, paa bado. Upepo wa jioni ukaamka. Ukuta bila paa ni tanga la mtumbwi: ulijaa, ukapinda, nikasikia bati likilia. Tuliushika kwa mikono watu watatu huku mke wangu akileta kamba, tukazifunga kwenye uzio na kwenye gari, tukaegemeza mifuko ya kokoto iliyobaki ndani kwenye kila kona. Sikulala usiku ule. Bati moja lilipata mkunjo ambao bado upo.

Kwa hiyo anza asubuhi, siku ambayo utabiri unasema hakuna upepo, na watu wasiopungua watatu. Panga vipande vyote chini na uvihesabu jioni ya kuamkia siku hiyo. Usikaze skrubu za fremu kabla hujapima kutoka kona hadi kona: vipimo viwili vya kukatisha vikilingana, kona za banda zimekaa mraba, visipolingana, matundu ya paa hayatakutana na utailaumu skrubu bure. Na vaa glovu. Kingo za bati hili zinakata kama kisu kipya. Shemeji alivua zake dakika moja tu ashike nati ndogo, tukaenda kumtafutia bendeji.

Kuhusu nanga naomba usikilize vizuri. Watu wengi wanapigilia banda kwenye sakafu ya mbao wakaona wamemaliza. Lakini sakafu yenyewe imelala tu juu ya kokoto, haijashikwa na kitu, upepo unabeba vyote pamoja. Mimi nilizungusha vyuma vinne vyenye meno kama skrubu kubwa, inchi 30 kwenda chini, kimoja kila kona, nikavifunga kwenye fremu ya mbao, na fremu ya banda ikafungwa kwenye mbao kwa boliti. Sisemi litahimili upepo kama ule wa 2020. Ila dhoruba za kawaida za kiangazi zimepita, nyingi, na halijasogea hata kidole.

Kipupwe cha kwanza ndicho kilichonifundisha kwa uchungu. Kwaya ilikuwa imeniletea sare 22 za kitenge, zimekunjwa vizuri ndani ya maboksi ya karatasi, nikaziweka stoo. Theluji ilipoanza kupenya kwenye vitundu vya hewa juu ya ukuta, nikaviziba vyote kwa matambara. Nikaona nimefanya vyema. Mwezi wa pili nikafungua mlango asubuhi moja, nikakuta paa lote kwa ndani limejaa matone, yanadondoka moja moja juu ya maboksi. Nilidhani bati linavuja. Nikasubiri siku ya joto kidogo, nikalimwagia maji kwa mpira juu yote, halikuvuja hata tone.

Maji yalikuwa yanatoka ndani. Unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia sakafu, unatoka pia kwenye mashine ya kuondolea theluji niliyokuwa nikiiingiza imelowa, hewa hiyo inapanda, inagusa bati lililo baridi kama barafu na kugeuka umande. Kama hewa ina njia ya kutoka, inatoka. Mimi nilikuwa nimeifungia. Sare zilishika kuvu. Mama anayeongoza sauti ya kwanza alizichukua akazifua mara tatu kwa siki, na madoa bado yapo kwenye kola. Nilisimama mbele ya kwaya nzima nikaomba radhi, wakanisamehe, lakini Jumapili nikiwaona wamezivaa macho yangu yanakwenda kwenye kola.

Ningejua, ningetandika plastiki nzito juu ya kokoto kabla ya sakafu. Sasa nimefungua vitundu vyote na kuvitia wavu wa kuzuia nyigu na panya, na chini ya paa nimebandika shiti za sponji. Matone yamepungua sana. Hata hivyo nguo, ngoma za ngozi, spika, vitabu na unga haviingii tena stoo. Chumvi ya kuyeyushia barafu nayo inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu inakula bati.

Theluji ikijaa juu, isukume kwa ufagio laini wenye mpini mrefu ukiwa umesimama chini. Usipande, paa hili halibebi mtu. Reli ya chini ya milango ifagie kabla maji hayajaganda humo. Usiku mmoja wa Januari tulipata msiba, na sisi tunamwagia mlango maji ya moto ili tutoe viti.

Niseme na hili. Nyarugusu tuliezeka kwa nyasi na turubai la plastiki. Bati lilikuwa la shule na la zahanati, na mvua ikinyesha tuko darasani mwalimu alinyamaza kwa sababu hasikiki. Siku ya kwanza mvua iliponikuta ndani ya stoo hii nilikuwa napanga viti. Ilipoanza juu ya bati nikaacha kazi, nikakaa kwenye kiti kimoja mpaka ikakatika. Mke wangu alikuja kuniangalia, naye akafungua kiti chake akakaa.

Ndani ya mlango tumetundika daftari na kalamu. Ukichukua chombo unaandika jina, idadi na siku ya kurudisha. Ufunguo uko kwangu na kwa Mama Furaha, gonga saa yoyote. Wiki hii vimetoka viti 40 na sufuria mbili kwa ajili ya matanga, vinarudi Jumatatu. Mfuniko wa ile sufuria kubwa kuliko zote haujaonekana tangu Pasaka. Aliye nao asione vibaya, aulete tu, hata akiuegemeza mlangoni.