Alfred si Al-fred: namna ya kulisoma jina la Kigermaniki

Majina ya Kigermaniki ni ya jamii ya lugha zilizozaa Kiingereza, Kijerumani na Kidenmaki. Ukiyataja mawili kati yake, Alfred na Wilfred, moja baada ya jingine, sikio litakwambia ni ndugu, kwa kuwa yote yanaishia na -fred. Sikio linakudanganya. Wilfred hukatwa Wil na fred: kipande cha kwanza ni nia au matakwa, cha pili ni amani, frith katika Kiingereza cha kale. Alfred hukatwa Alf na red, kwa sababu umbo lake la kale ni Ælfræd: ælf ni kiumbe asiyeonekana ambaye watu wa zamani waliamini anaishi karibu na binadamu, na ræd ni shauri. Ukikata Al-fred utapata "amani yote", maana ambayo jina hilo halijapata kuwa nayo. Orodha nyingi za majina ya watoto mtandaoni zimejaa makosa ya namna hii, na chanzo chake ni kisu kupita mahali pasipo pake.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri chochote, tafuta umbo la kale kabisa la jina. Robert wa leo zamani aliandikwa Hrodberht. Ile h ya mwanzo imepotea, lakini ukishaiona unatambua kwamba Robert, Rudolf na Roger wana kichwa kimoja: hrod, yaani sifa au umashuhuri. Kilichobaki ni kusoma mkia: berht ni angavu, wolf ni mbwa mwitu, ger ni mkuki. Vivyo hivyo Ludovick wa kwetu, Louis wa Ufaransa na Ludwig wa Ujerumani ni jina moja. Hata Clovis, mfalme wa Wafranki (kabila la Kigermaniki) aliyefariki mwaka 511, ni huyohuyo: hlud, mwenye kusikika, na wig, vita.

Majina haya yalijengwa kwa vipande viwili kutoka ghala dogo la maneno. Humo mna vita (hild, gund, wig, had), silaha (ger, helm), wanyama wa kutisha (wolf, bern ambaye ni dubu, arn ambaye ni tai, eber ambaye ni nguruwe mwitu), utawala (rik, wald), ulinzi (mund, ward), na mali au heri (ead ya Kiingereza cha kale). Ukiwa na hayo kichwani, mengi yanafunguka yenyewe. Edward ni mali na mlinzi, Edmund ni mali na ulinzi, Edwin ni mali na rafiki. Bernard ni dubu na uimara. Leonard amefuata mtindo huohuo, ila simba wake ameazimwa kutoka Kilatini. William, ambaye kwa Kijerumani ni Wilhelm, ni nia na kofia ya chuma ya vitani. Fredrick ni amani na mtawala.

Wengi huteleza wanapofika hapa. Wakishapata vipande viwili, wanavishona viwe sentensi: "mtawala anayeleta amani". Wazazi wa enzi hizo hawakuwa wakitunga sentensi. Malkia mmoja wa Wafranki, aliyefariki mwaka 597, aliitwa Fredegund, yaani amani na vita. Yuko pia Hildegund, vita na vita. Hakuna sentensi inayotoka hapo, wala haikukusudiwa itoke. Kilichokusudiwa ni ukoo. Wulfstan, askofu wa Worcester aliyefariki mwaka 1095, baba yake aliitwa Æthelstan na mama yake Wulfgifu. Mtoto akachukua Wulf ya mama na stan ya baba. Ukilitafsiri utapata "mbwa mwitu wa jiwe" na hutakuwa umeelewa kitu. Ukilisoma kama walivyolisoma wao, unamwona mama na baba wamekaa ndani ya jina moja. Kwangu mimi hilo ni zuri kuliko tafsiri yoyote ya kishujaa.

Kipande cha mwisho ndicho kilichoonyesha jinsia. Majina yenye mkia wa -hild, -gund, -trud, -gard na -burg ni ya wanawake. -Rich, -bert, -wolf, -hard na -mund ni ya wanaume. Ndiyo maana Gertrude, mkuki na nguvu, ni mwanamke, japo mkuki uko mbele. Hilda ni kifupi cha majina yenye hild, na Matilda ni nguvu na vita. Mkia wa -wig ndio wa kuangaliwa: Ludwig ni mwanamume, Hedwig ni mwanamke.

Majina haya yalifika Afrika Mashariki kwa njia ya ubatizo, na mengi yalikuja yakiwa majina ya watakatifu. Aliyembatiza mtoto Gertrude alikuwa akimfikiria mtakatifu, wala si mkuki.

Majina ya ukoo yana hesabu nyingine. Ujerumani yalianza kushika katika miji ya magharibi na kusini mnamo karne ya 12, na sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida sana: akina Heinrich na Konrad walikuwa wengi mno. Mpaka leo Wajerumani husema "Hinz und Kunz", vifupi vya majina hayo mawili, wakimaanisha mtu yeyote yule. Karani akalazimika kuongeza kitu cha kumtofautisha mtu: jina la baba, kazi, mahali alikotoka, au umbo lake. Klein ni mdogo, Krause ni mwenye nywele za kujisokota. Kaiser maana yake ni mfalme mkuu, lakini usimpe mtu nasaba ya kifalme kwa hilo. Mara nyingi lilikuwa jina la utani tu.

Majina ya kazi ndiyo yenye utajiri, kwa sababu yanakuonyesha ramani. Mfinyanzi upande wa kusini aliitwa Hafner, mashariki ya kati Töpfer, kaskazini-magharibi Pötter, na katika maeneo ya mto Rhine na jimbo la Hesse aliitwa Euler. Hilo la mwisho huwakosesha hata Wajerumani, maana Eule kwao ni bundi. Lakini Euler linatokana na olla, neno la Kilatini la chungu. Mtengeneza magurudumu na magari ya kukokotwa naye ni Wagner kusini, Rademacher kaskazini-magharibi, Stellmacher kaskazini-mashariki. Mhunzi ni Schmid kusini, na Schmitz pande za mji wa Köln. Kwa hiyo ukipewa jina la kazi, usiishie kwenye kazi. Uliza pia neno hilo lilisemwa wapi.

Tahajia isikubabaishe. Meier, Meyer, Maier na Mayr yote ni msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, kutoka maior ya Kilatini. Karani aliandika alivyosikia, na tahajia ilianza kukazwa kweli baada ya usajili wa kiserikali kuenea Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Anayetafuta ukoo wa nyuma ya hapo atafute maumbo yote.

Kwa majina ya mahali, rudi kwenye kisu. Jina lililovuma kwenye vibanda vya video, Arnold Schwarzenegger, hukatwa Schwarzen-egg-er: nyeusi, ukingo wa mlima, na -er ya "mtu wa". Ni mtu aliyetoka mahali paitwapo Schwarzenegg, basi. Anayekata kabla ya n anabuni maana ya kuudhi, tusi kwa watu weusi, ambayo haimo. Arnold lenyewe ni tai na utawala.

Kaskazini zaidi mambo yanakaribia desturi yetu ya kumwita mtu kwa jina la baba. Denmark ya zamani, Hans mtoto wa Peder ni Hans Pedersen, na Jens mtoto wa Hans ni Jens Hansen. Amri ya mwaka 1828 ilitaka familia zishike jina moja la kudumu, lakini vijijini ilichukua miaka mingi kutii, kwa hiyo usimtafute babu wa Jens kwa jina Hansen. Iceland wanaendelea hivyo hadi leo: binti wa Jón ni Jónsdóttir, mwanawe wa kiume ni Jónsson, na kitabu cha simu, kilipokuwa kikichapishwa, kilipanga watu kwa jina la kwanza.