Nyumba ya pamoja Kigoma: karatasi na choo kwanza, mabango baadaye

Nyumba kongwe ya Ujiji au godauni la Kibirizi lililokaa tupu likishaingia watu, wakapanga vyumba, wakaacha ukumbi kwa ajili ya madrasa ya jioni, vikao vya vikoba na misiba ya mtaa, jirani huuliza swali moja tu: nani kawaruhusu? Wakazi hujibu kwa kuhesabu miaka waliyokaa. Jibu hilo halina uzito wanaoudhani.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu binafsi miaka 12 kudai ardhi yake; ikipita, aliyekaa humo anaweza kudai ameipata kwa ukomo. Serikali inapewa 60. Kama jengo ni la taasisi ya umma, sahauni hesabu ya 12. Na hata likiwa la mtu binafsi, Mahakama ya Rufani katika Rufani ya Madai Na. 193 ya 2016, iliyohusu wakazi zaidi ya mia moja, ilisisitiza kwamba masharti lazima yathibitishwe yote kwa pamoja: mwenyewe awe ameitelekeza, mkae kwa uwazi, msikatizwe, na mkae bila ruhusa yake. Wakazi wale walishindwa.

Wengi hujikwaa kwenye hilo la ruhusa. Siku mnapomwandikia mwenye nyumba barua ya kuomba awavumilie, mmekiri kwamba nyumba ni yake, na barua hiyo italetwa barazani. Huwezi kuomba kukaa huku unadai umeshaipata kwa ukomo. Chagueni njia moja mapema. Mimi nasema makubaliano. Christiania, kule Copenhagen, watu waliingia kambi ya zamani ya jeshi mwaka 1971, na baada ya karibu miaka 40 Mahakama ya Juu ya Denmark ikaamua kwamba haki ya kukaa hawana. Kilichowabakiza ni makubaliano na serikali: wakaunda mfuko, nao ukaanza kununua eneo hilo mwaka 2012.

Kabla ya makubaliano, fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi mjue kiwanja ni cha nani, kama kimepimwa. Mji wetu una nyumba nyingi za mirathi zisizogawanywa. Atakuja mpwa, atapokea kodi ya miezi sita, kisha aje shangazi kutoka Tabora akisema hamtambui mpwa huyo. Sahihi yenye uzito ni ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; mwambieni awaonyeshe barua ya uteuzi. Kwenye mkataba andikeni muda, nani anakarabati nini, na kwamba gharama ya ukarabati inakatwa kwenye kodi. Pigeni picha za jengo kabla ya kugusa chochote, na tunzeni risiti za bati, mbao na saruji. Pasipo maandishi, bati mlilopandisha ni zawadi kwa mwenye nyumba. Msiongeze chumba bila kibali cha ujenzi, hata banda la jiko, maana hapo ndipo X nyekundu ya kubomolewa inapopakwa.

Sasa choo. Bwana afya anaweza kuwatoa haraka kuliko hakimu, na mkoa huu unakijua kipindupindu. Tundu moja kwa watu 20, si zaidi. Hesabu ya shimo ni rahisi: mtu mmoja hujaza takriban lita 50 kwa mwaka. Watu 20 ni mita moja ya ujazo. Shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, lina nafasi ya mita 2.5 za ujazo, yaani miaka miwili na nusu. Mkitupia taka humo, gawanyeni kwa mbili. Maji ya kuoga yasiingie. Yachimbieni shimo lake la mawe. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Kwenye udongo wa kichanga jengeni ukingo wa tofali za kuchoma mita ya juu kabisa, la sivyo masika yatameza mdomo wa shimo pamoja na sakafu.

Umeme usiwe wa kuunga kienyeji. Wizi wa umeme ni jinai, na utageuza mgogoro wa nyumba kuwa kesi ya polisi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Risiti zake hazithibitishi umiliki, ila zinaonyesha tarehe mliyokuwepo. Zihifadhini.

Kuna jambo la Kigoma hasa: mpaka uko jirani. Wekeni daftari la wageni na mumpe mjumbe taarifa za kila mgeni anayelala. Mgeni mmoja asiye na vibali akikutwa usiku, nyumba nzima hubandikwa jina baya, na mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa upande wenu atanyamaza.

Fedha za kikundi ni kama za vikoba: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Kisajilini kikundi halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji.

Ikija notisi ya kuondoka, andikeni tarehe na jina la aliyeileta. Mgogoro na mtu binafsi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Halmashauri ni habari nyingine: lazima muipe notisi ya siku 90, mumuunganishe Mwanasheria Mkuu, na shauri liende Mahakama Kuu. Ndani ya siku hizo 90 tingatinga linaweza kufika, kwa hiyo wakili aombe zuio la muda mara moja, asisubiri ziishe. Na akija dalali wa mahakama, someni amri yake: namba ya shauri, muhuri, majina na mipaka ya kiwanja. Jina likiwa si lenu au kiwanja si hicho, mwambieni hapo hapo mbele ya mwenyekiti, kwa maandishi, na nakala ibaki kwenu.