Tusiseme joto tu, na choo chetu kimo

Matumbawe yakipauka, yaani yakipoteza rangi yakawa meupe, hapa Zanzibar utasikia ni joto, ni El Niño (ile hali ya bahari ya Pasifiki kupata joto na kuvuruga hali ya hewa duniani), stori imeisha. Sawa, joto lipo, 1998 na 2016 tuliliona, ila kuna wengine wamo kwenye hii kesi na hawatajwi kabisa: vijidudu.

Iko hivi, tumbawe ni mnyama, na juu ya mwili wake kuna ute, humo kwenye ute wanaishi bakteria kibao wasio na neno, tena ndo wanaolilinda. Maji yakipata joto au yakichafuka hao wema wanayumba, wa shari wanapata nafasi. Na mmoja wa hao wa shari unajua alitolewa wapi? Hapa hapa kwetu, kwenye tumbawe lililopauka, mwaka 2003 akapewa jina Vibrio coralliilyticus. Maji yakiwa chini ya nyuzi 22 hana habari na mtu, yakifika 27 mpaka 29 anaimumunya nyama ya tumbawe unabaki mfupa mweupe. Sasa Machi bahari yetu inakuwa nyuzi ngapi? Ndo hizo hizo.

Afu juu ya joto ongeza maji taka, maana mabomba ya Mji Mkongwe miaka nenda rudi yamemwaga baharini bila kusafishwa.

Wa kutusaidia hapo ni majani ya bahari (si mwani, ni nyasi zenye mizizi zinazoota chini ya maji), yale yale ambayo hoteli zingine zinayang'oa eti mgeni anaona kinyaa kukanyaga. Kuna utafiti wa Indonesia ulitoka 2017 (timu yenyewe ilipigwa na tumbo la kuharisha huko visiwani, ndo wakaanza kujiuliza), wakakuta penye majani bakteria wa maradhi wako nusu tu ya pasipo na majani, na matumbawe ya jirani yanaugua nusu tu ya yale ya pasipo na majani.

Ila majani nayo yana kikomo bwana. Uchafu ukizidi bakteria wa kwenye tope wanatoa ile gesi ya yai viza, ni sumu kwa mizizi. Kuna kombe wadogo wanaishi humo topeni, kwenye mashavu yao (yale ya kupumulia majini) wamefuga bakteria wanaoila hiyo sumu, yaani mimi hili lilinishinda kuamini mwanzo! Lakini kombe nao watakula ngapi, mji mzima unajisaidia juu yao.

Joto la dunia hatulipunguzi peke yetu, bomba la choo linaloishia pwani ni letu wenyewe. Mvuvi wa dema akiuliza samaki wa matumbaweni na majanini kama tasi na pono wamehamia wapi, aanzie kuuliza hapo.