Taa ya oili imezima!

Wiki tatu Corolla yangu imelala gereji hapa Ngamiani, Tanga, injini ya 5A imefanyiwa ovahoo: beringi mpya, ringi mpya, gasketi zote. Jana tunapiga starta, taa nyekundu ya oili haizimi. Kijana mmoja akasema, "Washa tu bosi, oili itapanda yenyewe." Thubutu! Beringi za laki kadhaa nizisage kavu?

Fundi mzee akacheka. Kumbe pampu ya oili ilifungwa kavu, halafu gari likakaa siku nyingi. Pampu ikiwa na hewa tupu haivuti kitu. Akafungua filta, akachukua bomba la sindano (lile la duka la dawa), akasukuma oili kwenye tundu linalotoka kwenye pampu mpaka ikajaa. Filta nayo akaijaza kabla ya kuirudisha. Tukatoa plagi zote nne ili injini izunguke nyepesi, tukachomoa umeme wa nozeli zinazopuliza petroli, tukapiga starta sekunde kumi, tukapumzisha, tukarudia. Mara ya tatu, taa ikazima puu!

Nilivyoruka, mama ntilie wa jirani akadhani nimeungua.

Leo asubuhi nimefika Raskazone na kurudi, taratibu, sikio kwenye injini. Inanguruma vizuri, alhamdulillah.