Mtoto wa dada na kitabu cha Owen

Mwaka 2006 dada yangu alikuwa Saudia kikazi, na kijana wake, hata nasari hajaanza, alikuwa akikaa na sisi hapa Mombasa. Kuna mtu akaniletea kile kitabu cha picha cha Owen, yule mtoto wa kiboko, ndio kwanza kimetoka, na picha zake si za kuchora, ni za kamera, kazi ya Peter Greste. Mimi hivyo ndio navipenda kwa watoto wadogo bana. Mnyama unamwona na tope lake na mikunjo yake ya shingo, si wale simba waliovalishwa suruali.

Sasa tukafika pale mvua zimejaza mto Sabaki, viboko wamesukumwa mpaka baharini Malindi, halafu 26 Desemba 2004 ikaja tsunami, kesho yake kabaki huyo mdogo peke yake kwenye mwamba, watu wanahangaika kumkamata kwa nyavu. Mama alikuwa kando anachambua mchicha, akanikonyeza, ruka hapo utamliza mtoto. Sikuruka. Mtoto ambaye mamake yuko mbali ana maswali yake tayari, ukimficha anabaki nayo peke yake.

"Mama mdogo, mamake yuko wapi?"

"Hakuonekana tena."

"Na wangu?"

"Wako yuko kazini Saudia, Jumapili atapiga simu."

Akanyamaza, akafunua mwenyewe mpaka pale Owen kajibanza kwa Mzee, yule kobe mkubwa wa Aldabra, wanasema ana miaka kama 130. "Huyu si dume? Anamnyonyesha vipi?" Nikamweleza Owen alifika ana kilo karibu 270, majani ashaweza kula, alikuwa akimfuata kobe tu na anachokula kobe naye anakula. Mwanzoni Mzee hakumtaka kabisa, anamkemea anajiondokea, kitoto nyuma yake. Hapo alinirudisha mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi tukapanda matatu mpaka Haller Park, Bamburi, huko Owen alikopelekwa baada ya kuokolewa, kwenye yale machimbo ya zamani yaliyopandwa miti. Walikuwepo wote wawili, wamelala wamegusana. "Kumbe wako kweli!" akapiga kelele mpaka watu wakageuka, na mimi furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Jumapili dada alipopiga, mtoto hata salamu hakutoa, ni kiboko na kobe moja kwa moja, mpaka dada akaomba anipe simu, "Kiboko gani tena huyo?" Nikamwambia ukija likizo utapelekwa, mwenyeji wako ashajua njia.